Mama Kasema Tule

Jumatatu, 3 Machi

Wamerudisha tena. Bakuli tatu, zimejaa vilevile nilivyozipakua. Binti mkubwa, huyu ninayemwita Bibi Mkaguzi, kachambua kabichi jani kwa jani akitafuta kitunguu mpaka akakipata. Ukikitafuta hivyo utakikosaje! Wa kati hali kitu kilichoguswa na mchuzi. Wali kivyake, yai kivyake, vikikaribiana tu ugomvi. Kitinda mimba yeye kauliza mama anarudi lini, kisha kafunga mdomo kama mlango wa duka siku ya mapumziko.

Nimekula mimi. Bakuli zote tatu, nimesimama jikoni. Chakula hakitupwi. Nimeshiba kwa hasira.

Tangu mama yao aende ng'ambo kulea wazee wa watu, mshahara wake unaishia kwenye ada na deni la safari. Tumbo ni juu yangu. Na mimi ni fundi wa makochi, na watu siku hizi wanakalia makochi yaliyochanika, wanatupia shuka juu, maisha yanaendelea.

Shemeji kapiga asubuhi, dada yake mke wangu. Anakuja Jumamosi. Kasikia watoto wamekonda. Akiwakuta hivyo anawachukua wakakae kwake. "Usinielewe vibaya, shemeji." Nimemwelewa vizuri kabisa. Wakiondoka hawa, nyumba hii nitakaa na nani?

Jumanne, 4 Machi

Buchani nimeomba mifupa. Muuza nyama kanifungia, kacheka: mbwa wako ana bahati, fundi, anakula kuliko mimi. Sina mbwa. Nilimdanganya zamani kwa aibu, sasa kila nikipita ananiuliza hali yake. Nimesema mzima, anakua.

Nimechemsha mifupa, nimeponda maharage kwa mwiko, nikayapitisha kwenye chujio la chai pamoja na vitunguu, kidogo kidogo, mpaka mkono ukafa ganzi. Tuone ukaguzi utakamata nini!

Bibi Mkaguzi kakoroga. Hii nini, baba?

Nilikuwa nimechoka. Likanitoka tu: "Mama yenu kapiga nikiwa kazini. Kanielekeza namna ya kupika. Kasema mle yote."

Kitinda kashika kijiko. Wa kati — wa kati! — kachovya mkate kwenye mchuzi. Bibi Mkaguzi kaniangalia kwa muda, halafu naye kainama akala. Wamelamba bakuli.

Nimefurahi mpaka nikataka kucheka peke yangu. Kisha ikaniuma. Sufuria ileile, mkono uleule. Kilichobadilika ni jina la mpishi.

Mama yao hajapiga siku nyingi. Mimi napiga, inaita mpaka inakatika. Sijui ni kazi, au ni mimi.

Jumatano, 5 Machi

Viazi na maganda yake, mayai mawili yaliyorefushwa kwa maji. Mama kasema maganda yana nguvu. Wamekula.

Kitinda: na nini kingine kasema? Nimesema kasema anakupenda, uoge bila kulia. Kaoga bila kulia.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nilikuwa najaza sponji kwenye mkono wa kochi la mteja, nawaza jioni atasema nini. Yaani mke wangu. Nimejikuta nangojea, kama kweli atapiga. Mjinga mimi!

Mezani nikatia na langu: mama kasema baba yenu anajitahidi sana. Wa kati kaomba mkate. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jirani kaniuliza habari mlangoni. Nzuri, nikasema. Akapita. Hayo ndiyo maongezi yangu yote ya leo na mtu mzima mwenzangu. Zamani tulikuwa tunabishana na mama watoto bei ya nyanya mpaka chai inapoa. Nilidhani ni ugomvi ule. Nimeukumbuka leo sokoni, nikiwa na mafungu mawili ya nyanya zilizopondeka mkononi, na hakuna wa kuniambia nimepunjwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mwenye kochi hajaja kulichukua, wala hajalipa. Kwa hiyo kuku wa kumpikia mgeni hayupo. Mgeni atakula supu ya maharage kama ile ya Jumanne, iliyowafanya hawa watatu walambe bakuli.

Bibi Mkaguzi kakaa na mimi tukachagua maharage. Nilitamani tuongee, hata anigombeze. Mara moja tu kashika punje moja, kaiangalia, kacheka kidogo, kairudisha. Nimemuuliza kulikoni. Hamna kitu, baba.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika jikoni, nimeegemea rafu ya sufuria. Nimesema nimefuata maji ya kunywa.

Shemeji kaja na begi. Kubwa. Tupu. Kaliweka pembeni ya mlango, na sote tukajifanya hatukuliona. Kawashika watoto mashavu, mmoja mmoja, kama anayenunua maembe. Kisha tukaketi.

Wakala! Wote! Wa kati kaongeza. Shemeji naye kamaliza bakuli, kajifuta mdomo. "Shemeji, umenishangaza. Nilikuja na maneno yangu, sasa sina pa kuyaweka." Nikaona anaangalia begi, kama anayejutia kulibeba. Moyo wangu ukakaa mahali pake kwa mara ya kwanza wiki hii.

Ndipo Kitinda akadakia: "Mama ndiye anamwambia baba! Kila siku anapiga!"

Njia ya mwongo fupi. Yangu imekomea hapo hapo mezani.

Shemeji kauliza polepole. Kila siku? Mbona yeye, dada yake wa tumbo moja, hapati hata salamu? Halafu kaangalia ndani ya bakuli. "Na haya ni maharage, si ndiyo? Mdogo wangu kawaelekeza maharage? Yule tuliyekuwa tunamkimbiza na kijiko hadi uani? Akisikia harufu yake tu anatapika!"

Sikujua. Miaka yote hii ya ndoa, sikujua. Hayakuwahi kupikwa kwetu, na mimi nilidhani ni bahati tu.

Aliyejibu ni Bibi Mkaguzi. Kwa uso mkavu, anamtazama mama yake mkubwa machoni: "Anapiga. Jana nimeongea naye mimi mwenyewe. Kasema hayali, lakini anajua yanashibisha."

Mtoto huyu! Kitunguu hakimponyoki, na uongo wa baba yake kaula na kaumeza.

Shemeji hakubishana naye. Katoa simu, kaiweka katikati ya meza, kaifungulia sauti. Kama anapiga kila siku, basi na leo atapokea, tumsalimie sote. Kama hapokei, tutazungumza vingine, shemeji. Na macho yake yalikuwa kwenye begi.

Nikainuka kufuata maji.

Bibi Mkaguzi kanifuata huku jikoni. Nimemuuliza kwa sauti ya chini tangu lini anajua. "Tangu Jumanne, baba. Mama na maharage wapi na wapi."

Na ukala?

"Ningekataa mimi, na hawa wadogo wangekataa." Kisha: "Mimi siendi kwa mama mkubwa. Wewe ukibaki peke yako utaongea na nani?" Kafuta macho kwa mkono wa gauni, karudi mezani.

Nimeshika kalamu badala ya jagi. Naisikia simu huko. Inaita. Imekatika. Shemeji anapiga tena. Wa kati anauliza kama mkate umebaki. Inaita. Inaita —

Imepokelewa!

Ni yeye. Haloo moja tu, kavu, yenye usingizi. Shemeji hajafungua hata mdomo, Bibi Mkaguzi keshadaka, anapaza sauti nyumba nzima isikie: "Mama, ni mimi! Yale maharage uliyomwelekeza baba tumeyala yote, mama. Ulivyosema tu, ndivyo alivyopika. Si ndiyo, mama?"

Huko upande wa pili, kimya.

Bado kimya.