Uyoga Nisioulamba

Hajnówka, Agosti

Shangazi Wiesława,

Sauti ya vijiko vikiwekwa mezani, kimoja baada ya kingine, mkesha wa Krismasi, haijaniacha. Supu ya uyoga ilikuwa chungu kama nyongo.

Baba alikuandikia kwamba macho ya bibi yamekwisha, akakausha uyoga mchungu pamoja na mzuri. Pale mezani alimwambia, "Mama, macho yako sasa ni ya kulilia tu."

Bibi akamjibu, "Na ya kukuona unavyonenepa."

Tulicheka, lakini tangu siku ile amekatazwa msitu, na kisu chake kimewekwa juu ya kabati.

Shangazi, si yeye aliyekosea. Uyoga ule mchungu unafanana na mzuri kama pacha, ndiyo maana bibi hugusa kila mmoja kwa ulimi kabla ya kuukata. Septemba, kabla ya Krismasi ile, aliniachia nusu ya kikapu nikate. Mimi, msomi wa chuo kikuu, niliona kinyaa. Nilikata bila kuonja, nikatunga vipande kwenye uzi, nikavitundika juu ya jiko.

"Umeulamba wote, mjukuu wangu?"

"Wote, bibi."

Mkesha ule alinitazama mara moja tu, akasema, "Uzee huo," akainama. Alijua.

Sasa uyoga umeanza kuota tena. Jana nilipanda kiti mbele ya baba, nikakishusha kisu, nikamwambia ni mimi. Leo alfajiri bibi ameingia msituni na kisu chake, na hakuniita twende pamoja kama zamani.

Bintiyo mwenye haya,
Bogna