Nimekuona Tangu Kule Kona

Alhamisi. Mvua imenyesha mchana ikakata ghafla, jua likarudi, na mpaka usiku huu Kariakoo yote inafuka mvuke. Kichwa changu nacho kinafuka.

Nimechanganyikiwa, shajara yangu, na leo sitajidai kwamba ninajua ninachokiandika.

Nianze na Kiingereza, maana ndicho kilichonianzishia balaa. Tangu meneja anipe kazi ya kumkalimania mtaalamu wetu wa mitambo, Mwingereza, kila jioni narudi nyumbani na neno moja masikioni: "see". Mwalimu wa masomo ya jioni pale Mnazi Mmoja alitufundisha kwamba maana yake ni kuona. Tukaitikia darasa zima huku tunajionyesha macho kwa vidole. Nikajua hilo nimelimaliza. Kumbe hata sijaanza.

Ukimweleza mtaalamu kwamba vipuri vimekwama bandarini, anajibu "I see", na wakati huo anatazama kikombe chake cha chai. Ukimuuliza hesabu, anasema "let me see", halafu anafumba macho! Akiondoka jioni ni "see you". Ndugu Meneja akimwomba jambo gumu ni "we'll see", na jambo lenyewe hatulioni tena. Jana Tabu, mpiga chapa wetu, alikuwa na homa, akaambiwa "go and see a doctor". Akaja kuniuliza mimi mkalimani: akishamwona daktari arudi kazini, au anaruhusiwa pia kumwambia kwamba anaumwa? Nilicheka tu.

Leo asubuhi nikampandia Tabu na ujuaji wangu. Nikamwambia Waingereza ni wavivu wa maneno, kila kitu wanakibebesha jicho. Akaacha kupiga chapa.

"Wewe si umeingia hapa asubuhi unasema unaona njaa?" akaniuliza. "Hiyo njaa uliiona imekaa wapi?"

Nikanywea. Kweli, tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona haya, na hatujawahi kuulizana vina rangi gani. Basi sikuelewa tena lugha yao wala yetu.

Mchana mtaalamu akanisimamisha kwenye ngazi, akanigusa kifuani kwa kalamu. Shati langu jeupe lina vifungo vilivyoshonwa kwa uzi wa kijani, na kimoja kwa uzi mwekundu. Akasema, kwa neno lake lile lile, kwamba anaona fundi wangu anapenda rangi. Nikamweleza kuwa fundi ni baba yangu, na kwamba uzi mweupe umeadimika mjini kama sukari na sabuni. "I see," akasema, akaenda zake. Mimi mwenyewe niliyaamini maelezo yangu. Nani asiyezijua foleni za siku hizi? Ukipata uzi, unashonea huo huo uliopata.

Kutoka Posta nilirudi kwa miguu, njia nzima napanga "see" zangu kichwani, hii ya kuaga, hii ya kuitikia, hii ya kukwepa. Nikafika barazani bila kujua kwamba nimefika.

Na nikasahau kumwamkia baba.

Kwetu hilo si jambo dogo. Baba ni fundi cherehani, amezeekea kwenye baraza hilo la Mtaa wa Swahili, na mtu mdogo akipita mbele yake bila shikamoo husimamishwa hapo hapo, awe mtoto wa jirani au karani wa ofisi kubwa. Nilipozinduka nilikuwa mbele ya cherehani yake, karibu kiasi cha kumshika bega, na uso wake umenielekea. Nikangoja kukaripiwa.

Sikukaripiwa. Baba aliendelea kupapasa kitambaa, anafuata pindo kwa vidole huku akiimba na midomo imefumbwa. Nikaona haya, nikadhani amekasirika hata hataki kunisemesha. Nikapunga mkono kidogo mbele yake. Hakupepesa.

"Shikamoo, baba," nikasema mwishowe.

"Marahaba, Idi!" akajibu kwa furaha. "Nimekuona tangu unatokea kule kona. Mvua imekukamata, ona ulivyolowa."

Nguo zangu zilikuwa kavu kabisa.

"Imenikamata, baba," nikamjibu. Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nikaingia ndani haraka kana kwamba nimeiba.

Mama Zuhura, jirani yetu anayekaanga vitumbua upande wa pili wa baraza, akanifuata uani.

"Umeshajua," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano tangu kabla ya mfungo. Uzi ananipa yeye. Nikimwambia huu wa kijani, ananijibu najua, huo huo ndio ninaoutaka. Ameniapisha nisikwambie, mwanangu. Anasema ukijua utamwondoa kwenye cherehani."

Nimekaa kitandani na maneno hayo mpaka adhana ya Magharibi. Ninaishi na mtu huyu. Ninakula naye sinia moja. Siku hizi samaki alikuwa anabaki upande wangu, nikadhani ni mapenzi. Labda yalikuwa mapenzi. Sijui tena.

Nikifikiri vizuri, sisi ndio tuliomsaidia kujificha. Kila apitaye huanza yeye kuamkia, sauti inajitaja, na mzee kazi yake ni kuitikia tu. Msikitini wenzake wanamshika mkono, wazee wote wanatembea hivyo. Uzi ukiwa wa kijani tunalaumu foleni. Angekuwa kijana angegunduliwa siku ya kwanza, kwa kumpita mkubwa bila salamu.

Bibi yake Tabu alitolewa mtoto wa jicho hospitali, na sasa anachambua mchele mwenyewe. Labda ya baba ni hayo hayo, labda siyo. Lakini nitamwambiaje? Nikimwambia nimejua, nimemvua nguo mbele yangu mwenyewe. Nikinyamaza, ninamwacha gizani na cherehani yake. Nina uchungu, na pia nina hasira naye, na hasira hiyo sijui niiweke wapi.

Baada ya swala nilitoka nikakaa karibu yake. Nikamwambia macho yananiuma kwa ajili ya makaratasi ya ofisini, naogopa hospitali, naomba anisindikize. Nilishapanga. Tukifika kwa daktari nitasema huyu ni mzazi wangu, mtangulize yeye, na baba hawezi kukataa kutangulizwa, maana hiyo ndiyo adabu aliyonifundisha mwenyewe.

Akanyoosha mikono, akanipapasa bega, shingo, mpaka akaupata uso wangu. Akanivuta karibu kabisa, akalifungua jicho langu kwa kidole gumba, akaliinamia kwa makini.

"Naona," akasema. "Yamekuwa mekundu. Kesho asubuhi twende, mwanangu. Usiogope, nitakushika mkono."

Nimekuja kujitazama kwenye kioo. Je, ameniamini, au ameamua kunisitiri kama nilivyomsitiri kwa ile mvua? Macho yangu hayakuwa mekundu.

Sasa ndiyo yanaanza.