Courant Kifuani mwa Mama

Mweso, Jumanne

Daktari amesema leo kwamba moyo una seli zake za neva, zimejificha kwenye mafuta yanayouzunguka. Kila moja hutunza umeme kidogo, huuachia ghafla, kisha hujichaji upya. Hivyo ndivyo zinavyosaidia kuuharakisha moyo na kuutuliza. Miaka yote hii naandika habari, na hili sikulijua.

Mama ameanguka mara mbili akipeleka maziwa sokoni, na bado alikataa nyaya za mashine ya betri ya kupima moyo kifuani. Aliogopa zitamtia courant, aunguzwe na umeme.

“Mama, haitie kitu,” daktari alimwambia. “Inasikilizaka tu courant yenye iko ndani yako.”

Mama alicheka. “Mweso yote iko giza, na mu kifua yangu njo kuko courant?”

“Iko. Tangu mu tumbo ya mama yako.”

Mama akalegeza kitenge mwenyewe. Mstari wa mapigo yake ukatoka kwenye karatasi ya mashine: kilima, kilima, kisha pengo refu mno. Pengo hilo linanitisha. Lakini baada yake kilima kilirudi, bila mtu kukiwasha.

Ijumaa tunashuka Goma kwa daktari wa moyo. Mama anauliza kama kule wanauzaka courant ya kuongeza.