Timu ya Kinyozi

Jumatano, 4 Machi

Insha ya Kiingereza leo: timu uipendayo, na sababu. Nimewaandika Zambarau, eti hawakati tamaa. Mwalimu kafurahi, akataka niisome mbele ya darasa. Nikasoma kichwa cha insha mara tatu. Wakacheka wote, mpaka wa dawati langu.

Sababu ya kweli naiweka hapa. Zambarau wakishinda, baba anamwita mama "malkia". Wakifungwa — basi. Mimi sikuchagua timu. Naombea tu Jumapili ipite.

Ijumaa, 6 Machi

Balaa! Mdogo wangu Kiroboto — darasa la kwanza, meno ya mbele hana — karudi kunyolewa akiimba wimbo wa Machungwa. Machungwa! Na keshokutwa wanacheza na sisi. Nikamvutia jikoni, nikamziba mdomo. Nani kakufundisha? Kinyozi. Na timu zote hizi, ukaona hao hao wanaofungwa kila wiki?

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Dada, kinyozi wakifungwa anacheka. Juzi wamepigwa nne. Kacheka, kanipa peremende."

Nimemsihi iwe siri yetu. Kasema shabiki hafichi timu, wameshaapa, yeye na kinyozi.

Jumamosi, 7 Machi

Mama alikuwa anapiga pasi jezi ya baba. Nimemwomba amruhusu Kiroboto ashinde kwa shangazi kesho. Kasema haiwezekani — baba ataulizia mwanawe, mechi kubwa kama hii aangalie na nani? Kisha: "Na wewe usinizidishie presha, mwanangu." Amejifunga mtandio shingoni tena. Na joto hili.

Jumapili, 8 Machi

Asubuhi. Mama kaondoa glasi zote, kaweka vikombe vya plastiki. Siku ya mechi ni hivyo. Hatuulizani.

Haftaimu. Niko chumbani, mwandiko wenyewe haueleweki. Dakika ya mwisho Machungwa wamefunga. Baba akaweka kikombe chini. Halafu, kutoka nyuma ya kochi tulikobanana mimi na Kiroboto: "Gooo!"

Baba hakugeuka. Akauliza polepole, nani huyo anayeshangilia nyumbani kwangu? Mama akashusha macho. Kiroboto alishafungua mdomo, nikamfinya.

"Mimi, baba."

"Wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Mpira ukiisha tutaongea."

Sijui kama kaamini. Yangu na ya Kiroboto si sauti moja.

Kiroboto kanifuata huku. Nikamgombeza, si nilikukataza? Kasema alitaka baba aone raha ya Machungwa, ahamie. Akihamia, wakifungwa naye atakuwa anacheka tu, kama kinyozi. Amelipanga hilo tangu juzi! Mimi nina miaka kumi na tano na sijawahi kupanga chochote, zaidi ya kukaa karibu na mlango.

Kisha uso ukamchanua. "Kumbe dada na wewe ni Machungwa!"

Nimesema ndiyo.

Kanikumbatia kiunoni, anataka tuapishane kabisa, kama alivyoapishwa na kinyozi: mkono kifuani, macho wazi. Tumeapa. Anacheka na pengo lake lote.

Kipindi cha pili kimeanza. Baba anaita. Anasema leo tusikae nyuma ya kochi, tukae mbele, pale anapotuona.