Abakosti ya Papa

Bukavu, Ijumaa

Kwako Mama mpendwa,

Umeamkaje huko Kasongo, na mgongo unakuacha ulime? Sisi huku tuko wazima, na safari hii naandika "sisi" bila kudanganya: mdogo wangu Lwamba amepona. Anakula bugali na visamaki vya sambaza hadi naificha sahani yangu.

Nilikuandikia kwamba alikuwa hasemi wala hali, na daktari alitaka kumtibu kwa umeme kichwani. Niliogopa sana, maana watu walisema umeme unamchoma mtu akili. Sivyo, Mama. Wanamlaza kwa sindano, zinapita dakika chache, anaamka. Baada ya mara ya sita aliomba cherehani yake.

Lakini daktari alinionya: "Mambo ya karibuni anaweza kuyasahau. Umukumbushe polepole, usimufiche." Nami nikaficha. Asubuhi moja Lwamba alijipapasa kichwa, nywele bado fupi, akaniuliza mimi dada yake, "Yaya, nani alininyoa?" Tulinyolewa pamoja, siku habari ya kifo cha Papa, baba yetu, ilipotufikia. Nikamjibu, "Ni docteur, juu ya kuweka mashini ya umeme."

"Na Papa?"

"Iko muzima."

Alikuwa anacheka, Mama. Sikutaka arudi kule alikotoka.

Njia ya mwongo ni fupi, nami nikajitia kuirefusha. Akaanza kumshonea Papa koti la abakosti la kuja nalo nyumbani, akaniuliza upana wa mabega. Nikampa! Nilimpimia marehemu mabega hewani kwa mikono yangu. Najuta hadi najionea haya.

Jumanne anapanda lori kuja huko. Nilitaka nikuombe umwambie wewe, au Tonton, mdogo wake Papa, ampokee pale malori yanaposimama, kabla jirani hajampa pole. Lakini leo, alipokuwa anashona kifungo cha mwisho, nikashindwa kumtazama. Nikamwambia yote. Alikata uzi, kisha akauliza:

"Siku ile ya kwanza, nililia?"

"Hapana. Ulikuwa mugonjwa, ulikuwa unaangalia tu ukuta."

"Basi uniache nilie sasa."

Unisalimie Tonton na shangazi anayelala nawe tangu msiba. Najua matanga yamekwisha na watu wamerudi mashambani. Nawaomba mtandike mikeka tena, hata siku moja tu, maana kwa Lwamba Papa amekufa leo.

Ni mimi binti yako mwoga,
Feza