Punje za Kopo la Bibi

Kerenge,
Korogwe, Tanga.
Jumapili, 22 Juni 2025.

Mpendwa Dada Swaumu,

Asalaam aleikum, na shikamoo dada yangu. Hamjambo huko Sengerema? Wagonjwa wodini wanakutii, au unawafokea kama ulivyokuwa unanifokea mimi? Na shemeji Sharifu, bado anakoroma mpaka bati linatikisika? Sisi tupo. Mahindi yamekomaa, Bibi Hajira anapumua vizuri, na mimi ni mzima kila mahali isipokuwa pale unapopajua.

Usiucheke mwandiko. Huu ni mkono wa kushoto, na barua hii ina siku nne sasa. Kwenye simu ningekudanganya tena, mdomo wangu unaujua. Kwenye karatasi uongo unanishinda, mtu wa kidato cha pili mimi, kila nikiutazama naona umekaa vibaya.

Dada, sikuteleza bombani. Niliumia golini.

Januari, bega la kulia liliposhonwa baada ya kuteguka mara tatu, ulimaliza likizo yako yote hapa ukiniogesha kama kichanga. Na kwa kuwa Bibi hasomi kalenda, ulipoondoka ulimhesabia siku zilizobaki kwa punje za mahindi, ukazitia kwenye kopo la maziwa. Kila alfajiri akishaswali atoe moja, awarushie kuku. Kopo likiwa tupu, nimetimiza siku mia na themanini, ruksa kudaka. Kabla ya hapo ni kuvuta ule mpira wa baiskeli ulioufunga mlangoni, polepole, nikisikia maumivu niache.

Nilivumilia mpaka Aprili. Lakini dada, tusifichane, bega lilipona haraka, kwani bega la nani? Mkono ulikuwa unapanda mpaka nagusa kenchi. Nikajisemea daktari hajawahi kukutana na mwili kama huu. Zile mia na themanini ni za watu wa kawaida.

Nikaanza kuiba punje. Bibi akitoa moja alfajiri, mimi natoa nyingine nikitoka kuoga, siku nyingine mbili. Jogoo wako mwekundu kanenepa kwa siri yangu.

Wiki ya fainali ya kugombea mbuzi, sisi na Vugiri, kopo likaisha. Bibi alilipindua, akalipiga kitako, akacheka peke yake. Siku ya mechi alinivalisha glovu kwa mikono yake. "Nenda mume wangu," akaniambia, "siku zako zimetimia."

Niulize nilivyodaka! Wale vijana wa milimani walipiga mpaka wakachoka, bila bila. Penalti ya mwisho mpigaji akaenda kulia kwangu, nikaruka nikaupangua kwa ncha za vidole. Watazamaji wote wakamiminika uwanjani. Mbuzi wetu. Mimi tu sikuinuka, bega lilishatoka mahali pake.

Daktari anasema pale paliposhonwa pamechanika. Nimerudi kwenye mkanda wa kuning'iniza mkono, na mwezi wa nane ataangalia kama atanipasua upya. Nilimuuliza nitadaka lini. Akaendelea kuandika. Nikamuuliza tena, akaendelea kuandika. Wiki iliyofuata wakaja watu wa timu ya mkoa kuchagua vijana, wakamchukua Jabiri, kipa wetu wa pili, yule anayedaka kama anafukuza nzi. Niliwatazama nimekaa juu ya tofali.

Hata hivyo, si hilo lililonishikisha kalamu. Ni Bibi.

Daktari alimwambia siku zilikuwa hazijatimia, na Bibi anaamini yeye ndiye aliyekosea. Anasema lazima alikuwa anatoa punje mbili mbili bila kujijua. Tangu hapo hajiamini kwa lolote. Maharage anampelekea jirani Munira amchambulie. Chumvi ananiuliza kama ameshatia. Vidonge vyake vya presha ananipa mimi nimhesabie, mimi mwizi wa punje! Alhamisi alikuja akanishika hili bega taratibu, akasema, "Nisamehe mume wangu, uzee wangu umekuumiza."

Nikamjibu, "Usijali, Bibi."

Dada, nilimsamehe! Nilikaa pale nikamsamehe Bibi yangu kwa kosa langu. Jioni ileile ndipo nilipoanza barua hii, nikipanga kukuomba umwambie wewe, maana wewe humwogopi.

Nimeona aibu hata kukuomba. Asubuhi ya leo nimemwambia mwenyewe. Nilitegemea kupigwa mwiko. Alinisema kwa Kizigua mpaka nikashukuru kwamba nusu yake siielewi. Kisha akatulia, akauliza, "Ulizitoa ngapi?"

"Arobaini na nane."

Akahesabu kwa vidole, akarudia, muda mrefu, nami nimesimama na mkanda wangu kama mshitakiwa. Halafu akasema, "Kumbe hesabu yangu ilikuwa sawasawa." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. Afadhali angenipiga.

Nisamehe na wewe, dada, kwa likizo yako na kwa uongo wa kwenye simu. Sitakuahidi kwamba nitadaka tena, sijui. Bibi amejaza kopo jipya, na zimo ngapi amekataa kuniambia. Amelifungia sandukuni, ufunguo kaufunga kwenye kanga. Mimi navuta pumzi tu, mpira wa baiskeli bado sijaruhusiwa.

Barua anakuletea Sadala, utingo wa basi, mpe maji anywe. Baba mdogo Mhina wa Handeni anakusalimu sana, Munira pia. Mwambie shemeji Sharifu alale kiubavu. Mungu akulindie mikono yako, iliyonihudumia bure.

Sasa hivi Bibi yuko uani na ungo wake. Anachambua maharage, anayahesabu moja moja kwa sauti ya juu, makusudi, nisikie.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,
Zaidi,
aliyekuwa kipa bora wa Kerenge kwa dakika tisini na penalti tano.