Aliyenifundisha Kukausha Chai

Tukuyu, 12 Februari 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako limepoa? Mwili wangu ni mzima, roho ndiyo haijatulia.

Tangu kiwanda kiuzwe, bosi mpya amenipa usimamizi wa ukaushaji. Wote walidhani atapewa Meshaki, maana ndiye aliyenifundisha kazi. Sasa chai inatoka na unyevu. Nikiongeza kuni, inaungua. Meshaki ananitazama tu. Nilimuuliza, "Kaka, kuna nini?" Akajibu, "Bosi si wewe?" Siku hizi naacha mashine, namchunguza yeye, nahisi ndiye anayeiharibu chai.

Mwanao,
Ezron

Isongole, 1 Machi 1998

Mwanangu Ezron,

Ndaga, baba, asante kwa salamu. Goti linaniuma wakati wa baridi, lakini viazi navuna.

Meshaki amekula kwangu Krismasi mbili. Wivu anaweza kuwa nao, ni binadamu. Ila usimpeleke kwa bosi kabla hujakaa naye. Na chai isiungue kwa sababu unamchungulia mtu.

Mama yako

Tukuyu, 9 Aprili 1998

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nimeshasema. Wanunuzi walirudisha chai, bosi akauliza nani anaiharibu. Nikamtaja Meshaki. Alifukuzwa palepale.

Chai ikaendelea kuharibika, Mama. Fundi alipofungua mashine akakuta mkanda wa feni inayopuliza hewa ya moto umelegea kwa uchakavu. Hakuna aliyeuchezea. Nilikwenda kwake Msasani, hapa hapa Tukuyu. Mkewe, Elina, akaniambia mlangoni, "Hayupo," nami namsikia akikohoa ndani.

Lakini mbona hakujitetea? Kuna kitu anakificha.

Mwanao,
Ezron

Isongole, 26 Aprili 1998

Mwanangu,

Ndaga. Nilikwenda Msasani mwenyewe. Mimi hakunifungia mlango.

Nikamwambia, "Meshaki, mwanangu amekukosea. Wewe je?" Akaweka chini kikombe cha uji. Kisha akasema, "Mama, ule mkanda niliusikia ukiteleza tangu siku ya kwanza. Nilitaka Ezron ashindwe, aje aniulize." Nikamwambia, "Mbona alikuuliza!" Akasema, "Ndiyo. Siku hiyo ningeweza kusema. Roho ikakataa."

Basi hukumsingizia yote, wala hukusema kweli yote. Kwa bosi utakwenda, umweleze lako. Lake atalisema mwenyewe akitaka.

Nilimwomba aje kwangu Jumapili, nawe uje, mle pamoja. Amesema kwako hakanyagi. Ila akikukuta kwangu, hataondoka.

Mama yako